Kuni za Ushahidi

Jumanne, 8 Septemba 1998

Leo nimekuwa mkubwa. Katibu wa Mazingira wa kijiji! Katibu wa zamani amehamia Onduparaka, kule karibu na mji wa Arua, eti hawezi tena kuishi mbali na mpira. Mwenyekiti akauliza nani atashika nafasi yake. Kila mtu akatazama vidole vyake vya miguu. Nikainua mkono. Wakanionya kwamba hakuna mshahara. Sawa. Cheo ni cheo.

Afisa wa mazingira alitoka Arua kuja kutufundisha. Bi Driwaru, na pikipiki yake, na vumbi lake. Akasema sheria mpya ipo tangu mwaka wa tisini na tano. Imetufikia leo, barabara yetu mnaijua. Mti wa kando ya mto haukatwi bila ruhusa. Akasema moshi umezidi duniani, jua limezidi ukali, mvua haijui tena mwezi wake. Wakubwa wa nchi zote walikutana Japani Desemba iliyopita kwa ajili ya jambo hilo. Lomoro akauliza kama Japani watatuletea na mvua. Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka. Lomoro ni jirani yangu, mfuga nyuki, mkulima wa tumbaku kama mimi, na tumbaku yake kila mwaka ni nzuri kuliko yangu. Mtu kama huyo unachekaje maneno yake?

Halafu Bi Driwaru akasema Katibu ana uwezo wa kukamata kuni zilizokatwa mtoni na kuzihifadhi kama ushahidi. Hapo nikakaa vizuri kwenye benchi.

Niseme ukweli, daftari hili ni langu. Banda langu la tumbaku limejaa majani mabichi. Moto wa banda hauzimwi mpaka majani yakauke. Ukizima tu, yanakuwa meusi, na mnunuzi anayasukuma kando kwa mguu. Kuni sina. Miche ya mkalitusi tuliyopewa tupande tupate kuni zetu wenyewe, yangu ililiwa na mbuzi. Mbuzi wangu, lakini mbuzi ni mbuzi.

Basi Mungu hamtupi mja wake. Amenipa sheria.


Alhamisi, 10 Septemba

Kazi imeanza. Nilisimama njia ya mtoni tangu alfajiri, shati jeupe, kalamu mfukoni. Kila mzigo wa kuni uliopita niliuliza umetoka wapi. Wanawake walisema porini. Nikawaambia pori lenyewe liko kando ya mto. Nikakamata. Walinitukana kwa Kikakwa, kwa Kiarabu, na mmoja kwa Kilingala. Niliyapokea yote kwa adabu ya kiofisi.

Lomoro alipita na baisikeli imejaa magogo. Nikakamata. Hakugomba hata kidogo! Alishusha magogo, akaniuliza ushahidi utakaa wapi. Nikamjibu: kwangu, kando ya banda la tumbaku, mahali pakavu. Akasema, "Aa. Ushahidi iko na bahati." Akaondoka anapiga mluzi. Mluzi ule umenikera mchana kutwa.

Nilikamata na mzigo wa shemeji Rehemah. Huyu ni mjane wa kaka yangu. Sheria haina shemeji. Yeye hakunitukana. Alisema tu kwamba hizo ni kuni za kupikia wanangu, wanangu maana yake watoto wa kaka yangu. Nikamwambia aje kesho tuongee. Sijui kwa nini nilisema kesho.

Viktoria mke wangu amezunguka rundo lile, mikono kiunoni. Ameniuliza kama ushahidi huu una njaa, maana umesogezwa karibu na mlango wa tanuru. Mwanamke huyu alifunzwa na masista. Ulimi wake hawakuufunza.


Jumamosi, 12 Septemba

Ushahidi umepungua.

Sikukusudia. Ulianza na kijiti kimoja, moto ulikuwa unalegea. Halafu kingine. Majani yameanza kupata rangi ya ndizi mbivu, harufu tamu. Mtu gani mwenye akili angeacha? Asubuhi nikatazama: majivu. Majivu nayo ni ushahidi kwamba palikuwa na kuni.

Jana Rehemah hakuja, leo amekuja, lakini si kwa habari ya kuni. Kesi yake imepangiwa siku. Ijumaa ijayo baada ya swala, baraza la kijiji litakaa pale pale mtoni. Lomoro anasema kipande kile anacholima Rehemah kilikuwa machungio ya mifugo ya baba yake Lomoro. Rehemah anasema ni kiwanja cha baba mkwe wake, yaani baba yangu, Mzee Lukudu. Akishindwa hana pa kwenda. Watoto wale wanakula mtama na mboga ya dodo ya shamba lile, na karo inatoka hapo.

Kesi za namna hii tunazo tele. Mwaka wa themanini vita vilifika, tukakimbia wote, Sudani na Kongo, nyumba zikachomwa. Tuliporudi, kuta zilishakuwa udongo na majani yamefunika kila kitu. Nani alikaa wapi? Tulijua kwa miti ya makaburi. Hapa mtu mzima akizikwa, kijiti cha mkuyu kinachomekwa kichwani kwake, kinaota. Hakuna anayekata mti huo. Palipo na mkuyu wa babako ndipo kwenu, na baraza halibishi.

Rehemah anataka nisimame kama mtoto wa marehemu. Pia akanikumbusha hitima. Tangu turudi sijamchinjia baba mbuzi wala kuja kuonyeshwa kaburi. Nikamwambia kaburi nalijua, ni pale kwenye mkuyu wa juu, karibu na njia. Kila mwaka sikukuu ikifika nasimama pale naomba dua, watu wote wananiona. Akafungua mdomo. Nikamwambia nina kazi nyingi za serikali. Akafunga mdomo, akaenda zake.

Baba alifia njiani tukikimbia. Mimi sikuwapo kuzika. Nilikuwa nimetangulia na baisikeli. Baisikeli ya Raleigh, mpya. Lazima mtu mmoja aokoe baisikeli.


Jumatatu, 14 Septemba

Balaa!

Ujumbe kutoka Arua. Bi Driwaru anakuja Alhamisi kuona ushahidi. Eti vijiji vingine vyote havijakamata hata kijiti, na mimi nimesikika mpaka wilayani. Huenda nikatajwa redioni. Mwenyekiti alinipa mkono mbele ya watu. Nikaushika.

Redioni! Na rundo langu limebaki la kuchomea mahindi.

Nimewaza kutwa. Kukamata tena haiwezekani, wanawake sasa wanapita njia ya mzunguko, na mmoja amesema nikimgusa atanivua suruali. Kununua siwezi. Kuazima kuni za Lomoro? Afadhali nife.

Viktoria amenishauri nimwambie afisa ukweli. Nimemwambia asiingilie mambo ya utawala.


Jumanne, 15 Septemba

Nimepata! Kichwa hiki, wallahi, kingekuwa Kampala.

Kule chini mtoni, pembeni ya shamba la Rehemah, kuna mkuyu mwingine. Mti wa Lomoro, si wa kaburi, umejiotea tu. Mizinga yake ya nyuki imening'inia humo tangu tulipotoka Sudani. Nikaukata, napata magogo ya kumwonyesha Bi Driwaru. Halafu nasema ni Lomoro aliyekata, nami nimekamata. Na Ijumaa, barazani, Lomoro atakuwa mharibifu wa mazingira asiye na mti wala mizinga ya kuonyesha kwamba pale ni pake. Rehemah anashinda. Watoto wa kaka yangu wanabaki na shamba. Kwa hiyo hata hili ni jambo la huruma, ukilitazama vizuri.

Nimemwita Paulino, fundi wa msumeno, Mkongomani wa ng'ambo ya mpaka. Akaniuliza mti una mwenyewe? Nikamwambia mimi ndiye serikali. Akasema yeye hana shida, mutu akisema kata, anakata. Malipo: asali yote atakayoikuta ni yake. Kesho ni siku ya soko, kijiji kitakuwa kitupu.


Jumatano, 16 Septemba

Naandika kwa jicho moja. La pili limeziba.

Nyuki! Paulino alijipaka kitu, akawasha moshi, akapanda juu anaimba. Hakuguswa. Mimi nilisimama mbali, kazi yangu kulinda njia tu. Walinifuata mimi. Nimeumwa jicho, sikio, mdomo, na mahali ambapo sitapaandika. Nilijitupa mtoni na shati langu jeupe.

Lakini mti umeanguka. Ulianguka taratibu, ukatoa sauti kama mtu mzima anayekaa chini baada ya safari. Utomvu mweupe ulitiririka kwenye kisiki. Sikukipenda kile kisiki. Nimewahimiza vijana wa Paulino wabebe upesi. Sasa magogo yako uani kwangu, mazito, mabichi, rundo la heshima.

Paulino ameenda zake sokoni na asali. Viktoria amenisagia vitunguu, akanipaka usoni. Hajaniuliza neno. Mwanamke asipouliza, mambo si mazuri.


Alhamisi, 17 Septemba

Bi Driwaru alifika asubuhi. Alizunguka rundo, akasema vizuri sana. Akaniuliza uso umepatwa na nini. Nikajibu ni kazi. Akaniuliza nani alikata. Nikasema Lomoro, bila kupepesa jicho, na lile jicho moja ndilo nililokuwa nalo.

Pale pale Lomoro akaingia uani. Paulino nyuma yake.

Kumbe jana sokoni yule mpumbavu wa Kongo alikaa kuuza asali ubavuni mwa Lomoro! Lomoro akaonja, akauliza imetoka mti gani. Paulino akajibu kwa moyo mweupe kabisa, mti wa Katibu, kule chini mtoni, Katibu mwenyewe amenituma. Soko zima likasikia. Lomoro alikuwa pale tangu asubuhi, watu mia wanaweza kumshuhudia. Na Paulino sasa aliyarudia maneno hayo mbele ya afisa, akaongeza kwamba mimi nilikimbia nyuki vibaya.

Nikasema kuna kutoelewana. Bi Driwaru alitaka kukiona kisiki.

Tukashuka wote mtoni. Rehemah alikuwa pale, amekaa chini. Ametandika kanga yake juu ya kisiki, ameibana pembe zote kwa mawe, kama unavyomfunika mtu. Utomvu ulikuwa umeloanisha kitambaa. Hakuinuka kumsalimia mgeni. Bi Driwaru akamuuliza kwa upole huu ulikuwa mti wa nani.

Rehemah akasema ni mti wa Mzee Lukudu.

Nikamwambia shemeji umekosea, baba yuko kule juu, njiani. Akasema kule juu hakuna mtu. Akaeleza, hakulia, sauti ni ile ile ya kila siku. Walifika hapa na baba amebebwa kwenye mlango wa nyumba. Risasi zilikuwa zinasikika ng'ambo. Akafa. Walimchimbia kwa jembe lisilo na mpini na sahani ya bati. Sanda hawakuwa nayo, Rehemah akatoa nguo yake ya kujifunga. Mume wake, kaka yangu, akamswalia haraka. Halafu yeye Rehemah akakata kijiti cha mkuyu akakichomeka kichwani, ili tukirudi tumwone. Akasema alitaka kunionyesha mwaka ule niliporudi. Na mwaka uliofuata. Na Jumamosi.

Hata Paulino alivua kofia, akawa anaigeuza geuza mikononi.

Nikasema mimi nilikuwa nimetangulia na baisikeli. Hakuna aliyeuliza, nilisema tu.

Bi Driwaru akaniambia mimi ndiye mtu wa kwanza katika wilaya yote kukamatwa kwa sheria hii mpya. Nitapanda miti kando ya mto na kuitunza mpaka ishike. Na ukatibu umekwisha. Alisema kwa upole. Ningependa angefoka.

Nimeshindwa kula. Viktoria ameweka sahani, ameiondoa. Nalala upande usioumwa, na huo pia unauma.


Ijumaa, 18 Septemba

Baraza lilikaa baada ya swala. Sikutaka kwenda. Viktoria alinitangulia njiani, nikamfuata.

Mwenyekiti akamwambia Rehemah aonyeshe alama yake. Rehemah akanyoosha mkono kwenye kisiki. Wazee wakaguna. Kisiki si mti. Mmoja akasema mtu yeyote anaweza kukaa karibu na kisiki akasema ni cha babake. Alisema kweli, kisheria. Nilimwona Rehemah akishika mkono wa mtoto wake mkubwa, mpaka vidole vya mtoto vikabadilika rangi. Ardhi ilikuwa inamtoka pale pale tukitazama. Na mimi ndiye niliyeikata. Naandika hivyo mara moja tu.

Zamu ya Lomoro. Nikajua tumekwisha.

Akasimama, akakitazama kisiki. Halafu akasema alikuja na maneno yake tayari, ameyapanga wiki nzima. Alitaka kusema mkuyu ule uliota wenyewe. Lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi kutoka Sudani. Alikuta kijiti kimeshakuwa mti mdogo, na mawe yamepangwa chini yake. Alijua kabisa kuna mtu. Kwa nini alitundika mizinga yake humo, si kwenye mti mwingine? Kwa sababu mti wa kaburi hakuna mwanadamu atakayeutia shoka. Ndivyo alivyofikiri.

Hapo watu wote wakanitazama.

Akasema mbele ya mti angeweza kudanganya. Mbele ya kisiki hawezi, kinamtia haya. Shamba ni la Rehemah na watoto wake. Akakaa chini. Rehemah alijifunika uso kwa mtandio. Wazee wakasema amina, na kesi ikaisha.

Sasa nitulie niandike kwa haki. Nani ameshinda kesi hii? Kama mti ungekuwapo, Lomoro angesema uongo wake vizuri na wazee wangegawanyika. Mti haukuwapo, akasema kweli. Mti uliondolewa na nani? Sitaki sifa. Natamani tu mtu mmoja angelitaja hili pale barazani.

Rehemah aliomba mambo mawili. Magogo yasichomwe. Yatabebwa yarudishwe mtoni, yaozee juu ya mzee. Na Jumamosi ya wiki ijayo hitima isomwe, mimi nilete mbuzi, nionyeshwe kaburi kama mtoto. Niliapa mbele ya watu wote, mkono kifuani.

Kuhusu ukatibu, nimejiuzulu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.


Jumamosi, 26 Septemba

Leo ndiyo hitima. Mbuzi amekwenda. Viktoria alimfungua mwenyewe asubuhi, hakuniuliza, akashuka naye mtoni. Kijiji kizima kimepita hapa mbele kuelekea huko, Lomoro amebeba sufuria kubwa kichwani. Wanasubiri mimi tu, nije na vijana wayabebe magogo. Rehemah amekata vijiti kutoka matawi ya mkuyu ule, atavichomeka upya. Lazima mtoto wa marehemu ashike cha kwanza.

Nilishavaa kanzu. Kofia nayo.

Lakini banda! Mavuno ya pili yamo ndani tangu juzi, majani makubwa, mazuri, kwa mara ya kwanza mazuri kuliko ya Lomoro. Nimepita kuchungulia kidogo tu kabla ya kwenda. Moto unakufa. Kijiti hata kimoja hakuna uani. Isipokuwa yale.

Nimechukua kimoja, kile kidogo cha pembeni. Baba alikuwa mkulima kabla ya kuingia jeshini, alijua thamani ya jani lililokauka vizuri. Asingekasirika kwa kimoja. Kimeshika kwa shida, kibichi. Kingine nikakiweka kukisaidia. Sasa cha tatu kinawasaidia wale wawili. Huwezi kuanza moto ukauacha katikati, mtu yeyote wa tumbaku atakwambia.

Tatizo ni moshi. Mkuyu mbichi una moshi mweupe, mzito, haupandi juu. Umepita juu ya paa, umeshuka bondeni, unakwenda mtoni moja kwa moja. Upepo wa huku hauna adabu. Dua ilikuwa inasikika hadi hapa. Sasa imenyamaza.

Wananiita. Nimesikia sauti ya Rehemah, halafu ya Viktoria.

Nimefunga mlango wa banda kwa ndani. Wakiuliza, niko Arua.